Biira bila Masika

Siku ya kuniaga kazini mlinipa flasi ya chai, blanketi na dakika tano za kusema. Dakika zenyewe zilimezwa na mgeni wa wilaya, aliyesema nusu saa nzima juu ya umuhimu wa kutunza muda. Nikakaa na karatasi yangu kwapani mpaka soda zikaisha. Sikununa, Harriet, ingawa ulimwambia Furaha kwamba nimenuna. Nilikuwa nafikiri tu kwamba mambo yangu si ya dakika tano, na moja kati ya hayo si la kipaza sauti. Mimi na kipaza sauti tuliachana zamani. Mtaona kwa nini.

Basi nimeandika humu daftarini, kwa ajili yenu wawili mnaobaki na watoto. Naandika Kiswahili kwa sababu Harriet ni Mganda, Furaha ametoka ng'ambo ya mpaka, Kasindi, na Kikonzo changu mngekiangalia kama mtu anayeangalia picha. Shule yangu iliishia darasa la pili. Mkiona herufi imelala, iacheni ilale.

Mimi ni Kabugho. Harriet, mwaka wako wa kwanza uliniuliza mbona Bwera nzima imejaa akina Kabugho. Sisi Wakonzo msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Wavulana nao wana yao. Baba hachagui, ni namba inayochagua. Na mtoto akifa, namba yake hapewi mwingine: anayemfuata anabaki wa pili hata kama wa kwanza yuko kaburini. Shikeni hilo, maana kazi yangu yote ilisimama juu yake, na juu yake ikaanguka.

Niliajiriwa kupika. Yuniti hii ya watoto wenye mahitaji maalumu wakati ule ilikuwa chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, na jiko la moshi pembeni. Siku ya kwanza nilikuja na aproni mpya na kelele zangu zote. Nilikuwa mpishi wa harusi, nimezoea kwamba chakula kikiiva unagonga mifuniko watu waje. Nikagonga. Msichana mmoja, Ithungu wa kwa fundi cherehani, akaanguka chini ameziba masikio, akapiga kelele, akaanza kugonga kichwa ukutani. Mimi nikajua ni kifafa. Nikammwagia maji ya baridi. Akazidi.

Madam Peresi, mwalimu wa Yuniti, alikuja bila kukimbia. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Kinyamaseke, anavaa saa ya kiume, anasema maneno machache kama mtu anayeyanunua. Hakuniangalia. Alivua sweta yake akaiweka kati ya kichwa cha Ithungu na ukuta, akakaa chini pale pale kwenye tope, akangoja. Hakumshika, hakumwita. Tulingoja mpaka maharage yakaungua. Mtoto aliponyamaza ndipo akachukua mfuniko mkononi mwangu, akaulaza kwenye majani taratibu.

"Kabugho," akasema, "wewe ukisikia mfuniko, unasikia mfuniko. Huyu anasikia nyumba inaanguka."

Jina la hali yenyewe nililipata kwake. Yeye alisema otizimu, Furaha anasema redioni wanaita usonji. Mimi kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine: kichwa iliharibika, mapepo, laana ya mama aliyecheka kilema akiwa na mimba. Hilo la mwisho nililisema kwa kinywa changu, kwa jirani yangu, mbele ya mtoto wake. Mtoto alikuwa anasikia. Wote wanasikia. Ni sisi tulioamua kwamba asiyesema hasikii.

Namna nilivyotoka jikoni nikawa mlezi haina maana, aliyekuwapo aliolewa. Vyombo vya kazi ndivyo nataka mvijue, kwa sababu mlivikuta vipo mkadhani viliota. Kadi tulizikata kwenye boksi za sabuni, tukazichora picha, tukazitoboa, tukazifunga viunoni mwetu kwa kamba. Kikombe ni chai. Beseni ni maji. Kiatu ni tunatoka. Kikombe kilichopinduliwa ni imeisha, kwa sababu watoto walishatuona tukipindua vikombe vikauke baada ya chai. Madam Peresi alitukataza kuwaambia mambo mengi kwa mdomo. "Neno linapita," alisema, "kadi inakaa." Mtu yeyote anayejua kinachofuata anatulia. Hata ninyi, mkiambiwa mshahara utachelewa lakini hamwambiwi mpaka lini, nimeona mnavyozunguka.

Blanketi zito nililishona mimi. Kuna watoto wanaotulia wakilaliwa na uzito. La kwanza nililijaza maharage, na panya waliipenda tiba hiyo kuliko watoto. La pili nilijaza mchanga wa mtoni, ndilo mlilo nalo.

Na kengele. Kengele ya shule ilikuwa ringi ya lori, imening'inia mita chache kutoka dirisha letu. Nilimwomba mwalimu mkuu wa wakati ule iondolewe. Akasema iliwekwa na waanzilishi. Basi heshima ya ringi ikawa kubwa kuliko masikio ya watoto wetu wote. Jumapili moja nilikwenda na tyubu ya baiskeli, nikakivisha kile chuma cha kugongea. Mpaka leo kimevaa. Msiwaambie.

Sasa habari ya kutafuta watoto. Siku ya soko, Mpondwe, nilikuwa nanunua sombe, majani ya muhogo, kwa mama mmoja aliyekuja na wasichana wawili. Mmoja alimwita Biira, mwingine Kabugho. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, "Na Masika umemwacha na nani?" Yule mama alikunja majani yake, akaondoka bila kunipa chenji. Nikamsimulia Madam Peresi. Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

"Unakumbuka majina ya nyumba ngapi?"

"Zote," nikamwambia. Na si majivuno. Asiyejua kuandika vizuri hukumbuka. Hana mahali pengine pa kuweka.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilikuwa nakwenda kwenye misiba, kliniki, sokoni, nasikiliza majina. Pakiwa na Biira bila Masika, au mama anaitwa Mama Biira wakati desturi ni kumwita mama kwa mtoto wake wa kwanza, nilijua pana mtu pale. Nyumba yenye kaburi itakuonyesha kaburi. Kama msichana ameolewa watakutajia kijiji, na mbuzi walioletwa watakutajia. Nyumba iliyoficha inakuuliza kama utakunywa chai.

Madam Peresi alikuwa na sharti moja, alinipa juu ya boda tukienda nyumba ya kwanza, mimi katikati, yeye nyuma. "Tukimpata mtoto, nyumba tuliyomtoa tunaisahau. Haisemwi shuleni, haisemwi kanisani. Wewe unayekumbuka kila kitu, hiyo uisahau." Nikasema ndiyo. Ni rahisi kusema ndiyo juu ya pikipiki.

Mubuku tulifika msimu mpunga unapiga kijani. Ninyi mnaijua skimu ile: mashamba ya kukodi, na mifereji ya maji kila upande, imenyooka kama mistari ya daftari. Kwenye kibanda kimoja karibu na mfereji mkubwa alikaa Yonasani na mkewe, na wasichana wawili, Biira na Kabugho aliyekuwa bado mgongoni. Jirani wote walimwita yule mama Mama Biira.

"Karibu, Jaja. Mutakunywa chai?" akasema, akiniita bibi.

Madam Peresi akanitazama. Nikakaa.

"Tutakunywa. Biira huyu amekua. Na Masika?"

"Masika alikufa."

"Pole, binti yangu. Kaburi liko wapi, tuling'olee majani kidogo."

Akashika birika, hakumimina. Biira, mtoto wa miaka kama minne, mwenye kovu la moto kidevuni, akajibu yeye badala ya mama, kwa heshima kama mtoto aliyelelewa vizuri: "Masika iko kwa stoo. Anakula."

Tulimkuta katikati ya magunia ya mpunga. Alikuwa na miaka kama minane. Alikuwa anapanga punje za mpunga kwenye ufa wa sakafu, moja moja, ncha zote zimeangalia mlango. Hakuinua macho. Kwenye kifundo cha mguu alikuwa na ukanda wa kitenge, na ukanda umefungwa kwenye nguzo.

Nilifungua mdomo kumtukana yule mama. Matusi nilikuwa nayo tayari, ya Kikonzo, yana uzito. Madam Peresi akanikanyaga kidole cha mguu, na hakuondoa kisigino. Aliinama, akapitisha kidole ndani ya ukanda.

"Hii flaneli ya ndani nani aliishona?"

"Mimi," mama akasema. "Ilikuwa inamuchubua."

"Umeishona vizuri."

Hapo ndipo mama alipolia. Kama ningetukana angenitukana pia, na tungerudi na boda yetu bila mtoto.

Yonasani akaja kutoka shambani, tope mpaka magotini. Hakukaa. "Mufereji ule pale, Jaja, uhesabu hatua. Anapenda maji kuliko mama yake. Amezama mara tatu. Mara ya tatu nilimutoa kwa nywele, alikuwa bluu. Sasa wewe ungefanya nini? Ungemuimbia?"

Nilikuwa na aibu tu, maana ile kamba niliyoiona kuwa ukatili ndiyo iliyomweka hai.

Alikubali tumchukue, lakini kwanza akaweka neno lake mbele ya Madam Peresi. "Hapa mimi ni mutu wa kuja, nimekodi. Nimewaambia watu alikufa. Wakijua nilidanganya juu ya kifo, na wakijua iko na mutoto wa namna hii, hawa wawili nani atawaoa? Mutu asisikie nyumba yangu."

"Hatasikia," Madam Peresi akasema. Na kichwa changu mimi pia kilitikisika.

Masika alilala Yuniti kwa mihula minne. Nimelea watoto wangu sita na sikuwahi kusoma mtu kama nilivyomsoma yule. Alikula bundu tu, ugali wa muhogo, mkavu, donge moja katikati ya sahani. Mimi kwa upendo wangu wa mpishi wa harusi nikamwekea mchuzi wa maharage juu. Siku tatu hakula kitu. Madam Peresi akaniuliza, "Unamlisha yeye au unajilisha wewe?" Nikaanza kuweka mchuzi kwenye kisahani chake peke yake, mbali, bila kusema kitu. Baada ya wiki nyingi alichovya kidole. Nguo za sare alizichana mpaka nilipogundua ni ule mkia wa lebo shingoni. Nikaukata, nikageuza mishono nje. Watu wakacheka kwamba nimemvisha mtoto nguo kinyume. Alikaa ndani yake, hilo ndilo nililotaka. Macho sikumlazimisha anitazame. Kuna walimu wanashika kidevu cha mtoto wakisema niangalie, niangalie. Wangeshikwa wao kidevu hivyo wangeuma.

Maji hatukumnyima. Madam Peresi alisema kiu ya namna hiyo huikatazi, unaiwekea kingo. Kila siku baada ya chai, beseni, nyuma ya jiko, mimi nimekaa karibu. Alitia vidole, akavitazama vikivunjika ndani ya maji, akaimba sauti moja puani, mmmm, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Kazi ilikuwa kumaliza. Kila nilipoondoa beseni alijirusha chini. Nikawa namwonyesha kadi ya beseni kabla, na ya kikombe kilichopinduliwa kabla ya mwisho, kila siku, mvua au jua, muhula mzima, bila faida yoyote niliyoiona.

Halafu mchana mmoja nachambua mchele, nikahisi kitu gotini. Kadi ya beseni. Alikuwa ameifungua mwenyewe kiunoni mwangu, ameiweka, na anaangalia ukuta. Nikaleta maji. Alipochoka, alichukua ile nyingine, ya kikombe, akailaza juu ya maji ikaelea. Akaondoka zake. Sikumpigia makofi. Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Yonasani alikuja siku za wazazi, na unga wa muhogo kwenye mfuko. Masika hakumsalimu. Alikuja kinyumenyume, akaegemeza mgongo kwenye goti la baba yake, akabaki hapo. Yonasani hakusogea mpaka mguu ukafa ganzi, akatembea akichechemea mpaka getini. Akanambia, "Jaja, sasa mufereji nitauogopa kidogo." Alikuwa anafikiri kumrudisha nyumbani likizo, aone kama kadi itashinda mfereji. Kama ingeshinda, alisema, angemtoa mchana watu wamwone. Hayo ndiyo yalikuwa mkononi mwangu, ninyi wawili: mtoto kutoka stoo na kukaa mlangoni kwao kama watoto wengine. Yalikuwa yamebakiza kidogo.

Ikaja siku ya wageni. Watu wenye magari meupe, wametuletea magodoro na tangi. Mwalimu mkuu alikodi spika mbili kubwa kama makabati, akaziweka mbele ya Yuniti, ya watoto wasiovumilia mfuniko wa sufuria. Madam Peresi alipinga, akaambiwa wageni hawaji kila siku. Akawapeleka watoto wote nyuma ya shamba la shule akakaa nao. Mimi nikabakizwa kupika na kugawa chakula. Wazazi walialikwa. Yonasani alikuwapo, amesimama nyuma na shati jeupe.

Mgeni mmoja, mama mpole, akauliza watoto hawa waliofichwa mliwapataje. Mwalimu mkuu hakujua. Akaniita. Nilitoka jikoni na aproni yangu, nikapewa kipaza sauti. Ndugu zangu, katika maisha yangu yote hakuna mtu mwenye tai aliyewahi kuniuliza najua nini. Nikasikia sauti yangu inarudi kutoka ukuta wa kanisa, kubwa, ya mtu mwingine. Nikawaeleza habari ya majina. Watu wakacheka, wakafurahi, wakasema kumbe. Wageni walipotafsiriwa nao wakacheka. Vijana wakainua simu zao wakichukua video. Na nilipoona wanafurahi, nikaongeza chumvi.

"Kama pale Mubuku," nikasema, "kwa Yonasani wa mfereji mkubwa. Nikaona Biira bila Masika. Ati Masika alikufa. Nikasema nionyesheni kaburi. Kaburi lilikuwa na magunia ya mpunga."

Walipiga makofi. Wengine waligeuka kumtafuta Yonasani, na walimpata, kwa sababu ya shati jeupe.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtoto wa mtu.

Alinikuta jikoni, nimeshika mwiko. Hakupaza sauti.

"Jaja, umenivua nguo mbele ya watu."

"Baba Biira, nilikuwa nasifu kazi. Nilitaka wajue ulimtoa."

"Ulisifu pua yako, namna inanusa." Akaangalia sufuria, hakuniangalia mimi. "Nilikupa mutoto na neno moja. Mutoto umemutunza. Neno ndilo likakushinda."

Nikapiga magoti. Mimi, mtu wa umri wangu, kwenye majivu. Nikamwambia amwache mtoto amalize muhula, anichukie mimi lakini amwache mtoto. Akasema video imeshafika Kinyamaseke kabla yeye hajatoka getini. Mtu amempigia simu kumuuliza kama kaburi linaota mpunga. Akaenda shambani akamchukua. Masika alilia kwa sababu kiatu hakikuonyeshwa, kadi ya kutoka, hakujua kinachofuata. Nilikimbia nikamfunga kamba ya kadi kiunoni, zile zote zilizokuwa zangu. Yonasani aliniachia nifunge. Walipanda boda. Mwalimu mkuu alisema mzazi ana haki yake. Alikuwa anahesabu magodoro.

Madam Peresi alirudi na watoto jioni. Nilimweleza yote mwenyewe, nikitaka anipige. Alivua saa, akaifuta, akaivaa. "Ulitaja jina," akasema. Mpaka alipohamishwa, mwaka uliofuata, hakuongeza neno juu ya jambo hilo, na hakunipeleka tena nyumba yoyote. Alifundisha vilevile, alinisalimu vilevile. Huo ndio ukali mkubwa kuliko wote nilioupata kazini.

Mimi nilikwenda Mubuku peke yangu. Shamba lilikuwa limekodishwa kwa mwingine. Stoo ilikuwa na kuku. Jirani hakujua wamekwenda wapi, au alijua na akanitambua.

Na hayakuishia kwa Yonasani. Nilijaribu kuendelea na kazi ya majina, nikaona ajabu: kila nyumba namba imekaa sawa. Masika, Biira, Kabugho. Hakuna pengo. Nikadhani watoto wamepona nchi nzima. Kinyamaseke ndiko nilikopewa jibu, na muuza ndizi aliyekuwa amevimba kwa kicheko.

"Jaja wa majina! Tulikuona kwa simu. Hapa kwangu hesabu, nyabo, hesabu vizuri. Imekamilika."

Watu walikuwa wanasogeza majina. Nyumba yenye mtoto wa kuficha ilichukua jina lake ikampa anayemfuata, na kila mmoja akapanda ngazi moja. Desturi ambayo hata kifo hakikuwahi kuivunja, niliivunja mimi kwa kipaza sauti. Zamani mtoto wa stoo alikuwa amefichwa lakini jina lake lilibaki nje likimngoja. Sasa hata jina analo mwingine. Mlinda zizi niliwafundisha wezi pa kupitia, na nikapigiwa makofi.

Mtasema mbona watoto wanaletwa siku hizi. Wanaletwa na mama zao, wachache, kwa ujasiri wao. Mimi sijamleta hata mmoja tangu siku ile.

Miaka ikapita. Mwaka huu wa mwisho nilikwenda Kisinga, hospitali ya misheni, kwa ajili ya magoti. Nilitoka kazini moja kwa moja, kadi zikiwa kwenye mkoba. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na daftari lake la matibabu mkononi. Nesi akachukua madaftari akaanza kuita.

"Masika."

Jirani yangu kwenye benchi akamgusa mwanamke wa mbele. "Mama Masika, ni mutoto wako anaitwa."

Msichana akasimama. Alikuwa mkubwa sasa, mrefu, amesukwa vizuri. Na kovu la moto kidevuni.

Ilikuwa Biira. Alikwenda kwa nesi akaitikia jina la dada yake bila kusitasita, kama mtu aliyelivaa muda mrefu. Mama yake aligeuka kuona nani anamtazama hivyo mwanawe, akaniona. Hakukimbia. Palikuwa na mdogo mwingine pembeni yake, yule aliyekuwa Kabugho. Nikamsalimu, nikamuuliza kama watu wanavyouliza, watoto ni wangapi sasa.

"Wawili," akasema, na sauti yake ilikuwa ya watu wote kwenye benchi wasikie. "Masika na Biira."

"Mungu awatunze."

"Amina, Jaja."

Nilikuwa na swali moja na sikuwa na haki nalo. Nilifungua mkoba kutafuta leso, na kadi zikatoka na leso. Ile ya beseni ikaanguka kati ya miguu yetu. Aliiokota yeye. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu ya mistari ya kalamu, kama Madam Peresi alivyopitisha kidole ndani ya ukanda.

"Hii tuko nayo," akasema chini chini, bila kugeuza uso. "Ilichakaa, lakini iko. Ile ya kumaliza ndiyo ilipotea wakati wa kuhama. Sasa akiingia kwa maji, hatujui kumutoa."

Sikuuliza ni maji gani. Sikuuliza wako kijiji gani, wala kama flaneli bado ipo. Niliangalia kwenye kadi zangu. Kikombe kilichopinduliwa hakikuwamo, nilikuwa nimekiacha Yuniti. Nikamwomba nesi kalamu na kipande cha boksi la dawa. Nikachora. Sikio la kikombe likatoka kubwa. Nikachora kingine, na cha tatu, cha akiba. Akavitia ndani ya daftari lililoandikwa Masika, akalifunga.

Biira alitoka kwa daktari. Wakaondoka watatu, kuelekea barabarani. Jina langu likaitwa. Nilikuwa nimekaa mahali pa kuona boda yao inageuka upande gani, kulia au kushoto. Niliingia kwa daktari.

Kadi nyingine nimezichora zamu hizi za mwisho. Ziko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, nyuma ya blanketi la mchanga. Nyingi ni za kikombe kilichopinduliwa. Akija mama mlangoni akiomba kadi, hata kama hana mtoto hapa, hata kama amejifunika uso, mpeni. Msimuulize ni ya nani.